Marehemu Mwenye Shavu la Kijani

Nutsa alikuwa mtu wa kucheka, na mtaa mzima wa Avlabari, mjini Tbilisi, ulimjua hivyo. Akicheka ghorofani, wanawake waliokuwa wakifua uani walianza kutabasamu kabla hawajajua kuna nini. Akicheka uani, mbwa wa Fundi Garniki alibweka na Fundi Garniki mwenyewe akajipiga nyundo kidoleni. Alishona kofia za kike katika chumba chenye dirisha moja, na walikuwepo wateja wenye kofia za kuwatosha mpaka uzeeni ambao waliendelea kuagiza nyingine, kwa sababu kukaa na Nutsa kitambo kidogo kulishinda dawa ya daktari. Kwa hiyo Erasti, mchoraji aliyepanga chumba cha juu kabisa chini ya bati, alipomwomba akae amchore, jirani walimwonea huruma Erasti. Utamchoraje mtu asiyetuliza uso?

Alimchora hivyo hivyo, majira yote ya baridi. Nutsa alimaliza kazi zake, akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti kilichokatika mgongo na kuanza kupiga soga, huku Erasti anapaka rangi, anakwangua, anapaka tena, bila kumwonyesha hata ncha. Nutsa akisimama tu, picha inageuzwa ukutani. Baridi ilipokwisha, akiwa na rangi ya buluu sikioni, Erasti akamwambia kwamba anataka kumwoa.

Sasa, Nutsa alikuwa amekwisha kumpenda tangu theluji ya kwanza, na angeweza kujibu pale pale. Hakujibu.

"Nionyeshe picha kwanza," alisema. "Nikishaona ulichokiona wewe, nitajua naolewa na mtu gani."

Wapo waliosema ni maringo. Maringo gani? Mtu amekukodolea macho msimu mzima, una haki ya kujua ameambulia nini. Hata hivyo Erasti aliogopa, akaahirisha, akatia sababu hii na ile, hadi picha ikakubaliwa kwenye maonyesho na ikawa lazima itoke chumbani. Ilikuwa iondoke Jumatatu. Basi Jumapili ile ya Mei jirani wakaiandalia karamu ya kuiaga, maana Tbilisi ya miaka ile watu walichora hadi kuta za mikahawa, na hakuna mtu pale uani aliyetaka kupitwa na sanaa.

Karamu ilifanyika kwa Despine, mjane mwenye chumba kikubwa kuliko vyote na mdomo wa kulingana nacho. Meza ilijaa: maharage yenye giligilani, kuku kwenye mchuzi wa kokwa za jozi, mikate ya jibini iliyokuwa bado inavuta moshi. Nje kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo Erasti alishuka na picha ameifunika shali nyeusi ya Despine. Akaiweka juu ya kiti kwenye kona ambako jua halifiki. Despine akawasha mishumaa miwili, mmoja kila upande, ili watu waone. Garniki, fundi viatu, ambaye hawezi kupita karibu na mzaha bila kuuokota, akaweka mbele ya picha glasi ya mvinyo na kipande cha mkate.

"Na huyu ni mgeni," alisema. "Asikae na njaa."

Erasti akaivuta shali. Shali ikanasa juu ya fremu, ikabaki inaning'inia huku na huku, na hakuna aliyejali, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama Nutsa, naye Nutsa alikuwa anaitazama picha.

Alimwona mwanamke mwembamba ameketi mbele ya ukuta wa rangi ya haradali. Shingo ndefu, imeinama kidogo. Shavu moja la kijani, na si kijani cha kubahatisha, ni kijani hasa, kimepakwa kwa brashi nene hata ungeweza kukishika kwa kucha. Mkono mmoja umelala mezani, mkubwa kuliko wa pili, na meza yenyewe imeinuka upande wa nyuma kana kwamba vyombo vyote vitamporomokea mapajani. Macho yametazama chini. Mdomo umefungwa. Mwanamke huyo alikuwa anawaza, na lolote alilokuwa akiliwaza, hakuwa amemkaribisha mtu.

Nutsa akaangua kicheko. Ndivyo alivyofanya siku zote jambo likimpiga kifuani.

"Huyu nani?"

"Wewe," akasema Erasti.

"Mimi?" Nutsa akajishika shingo. "Erasti, hii shingo ya bata bukini!"

Watu wakavunjika mbavu.

"Na hili shavu? Nilikuwa naoza na hukuniambia?"

"Nyamaza wewe," akasema Despine, "ni mambo ya kisasa hayo."

"Hilo si shavu," akaeleza Ilarioni, mshairi, rafiki yake Erasti, aliyekuwa amevaa tai ya njano na alikuwa na maelezo ya kila kitu isipokuwa lini ataacha kueleza. "Hilo ni wazo limejifanya shavu."

"Basi limeota ukungu," akasema Garniki.

Nutsa akacheka kuliko wote, na ndani yake kitu kikamwanguka pu. Erasti aliwahi kuwa na mchumba huko Kutaisi. Hakumficha, alimweleza mwenyewe. Msichana mwembamba, mkimya, mwenye mawazo mengi, aliyeolewa na mtu wa reli. Naam, ndiye huyu. Jioni zote zile Nutsa amekaa pale anatoa visa vyake vyote, hata kile cha kasisi na nyuki, mwenzake anamtazama na kumwona mwingine. Moyo ukamuuma kwelikweli. Akaamua papo hapo: jibu ni hapana. Lakini karamu ya watu haiharibiwi. Angemwambia wageni wakishatoka, kwa upole, na kesho angeanza kupitia ngazi za nyuma ili asikutane naye.

Alikuwa bado anajikaza kisabuni wakati mlango ulipofunguka kwa teke na akaingia Mjomba Razhdeni.

Mjomba Razhdeni, kaka yake marehemu mama yake Nutsa, alikuwa ametoka Kakheti, mkoa wa mizabibu, na treni ya asubuhi bila kumwarifu mtu, kama kawaida yake, na begani alikuwa na kiriba cha mvinyo kinachokaribia kimo chake. Bonde zima la Alazani huko kwao lilimjua kwa jambo moja: hakuna aliyeweza kuongoza meza ya karamu, kila glasi na hotuba yake, kama yeye. Ilarioni, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mkuu wa meza siku hiyo na ameandaa hotuba tangu Alhamisi, aliondoka kwenye kiti bila kuambiwa. Mjomba akakaa, akajimiminia, akainua. Hakuuliza karamu ni ya nini, na hakuna aliyemweleza. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia.

Na mkuu wa meza akishasimama hakatizwi. Anataja glasi ni ya nini, anasema yake, kisha neno linazunguka, na kila aliyeketi lazima aongeze lake la moyoni. Huruki zamu, husemi "kama alivyosema mwenzangu." Anayemkatiza mkuu wa meza atasemwa hadi mavuno ya zabibu yajayo.

Glasi ya kwanza ilikuwa ya amani. Ya pili ilikuwa ya mwenye nyumba, na Despine alisifiwa hadi akaanza kujipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mjomba alikuwa anatafuta ya tatu, macho yanatembea chumbani, yakafika kwenye kona. Yakaona uso. Yakaona shali nyeusi juu ya fremu, mshumaa huku, mshumaa huku, glasi iliyojaa na mkate usioguswa.

Kakheti, sura ya mtu ikiwekwa hivyo, haina maana mbili.

Mzee akavua kofia yake taratibu.

"Watu wa Tbilisi," akasema kwa sauti ya chini, "mmenitendaje? Nimeingia kwa teke, nimekunywa nacheka, kumbe nyumba ina msiba."

Erasti akafungua mdomo. Ilarioni akamfinya paja.

"Ni nani huyu maskini?" Mjomba akauliza.

Meza nzima ikageuka kumtazama Nutsa. Mtu mwenye akili zake angesema, Mjomba, ni mimi, picha tu, kaa ule. Lakini Nutsa alikuwa anatokota kwa hasira na uchungu, na akitokota, utundu ndio unaopanda juu kwanza.

"Ni ndugu yetu, Mjomba."

"Wa kwetu?"

"Wa damu kabisa."

Despine akapaliwa na jibini.

Mjomba akainuka, akaisogelea picha hadi ndevu zikakaribia kushika moto. Macho yake yalikuwa mazima. Ila mpwa wake alimjua kwa meno. Tangu utotoni hakuwahi kumwona amefumba mdomo.

"Pua ni ya kwetu," akakubali. "Hii ni pua ya bibi yako Pelagia. Na shavu hili, aliugua nini?"

"Ini," akajibu Garniki haraka.

"Na shingo?"

"Homa, mzee. Homa humrefusha mtu."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nutsa alikuwa amejiuma mdomo, machozi yanamtoka, na Mjomba alipoyaona machozi akamshika bega.

"Lia, mwanangu, lia. Namkumbuka mimi. Alikuja kwetu wakati wa mavuno, mdogo hivi, akalala ndani ya kapu la zabibu."

Hapo Garniki aliinama chini ya meza kutafuta uma ambao haukuanguka.

Mjomba akarudi mahali pake. Akamimina mvinyo kidogo juu ya mkate, kama inavyopasa kwa waliotangulia, na wote wakamimina, hata Erasti, uso umemsawijika.

"Sikumjua sana," akaanza Mjomba, aliyekuwa amemkumbuka dakika moja iliyopita. "Na aliyemchora, Mungu amsamehe, hajui kuchora meza. Mkono mmoja amempa wa mama na mwingine wa mtoto. Lakini mtazameni macho. Huyu mchoraji angeweza kuyafungua yatutazame, tukafurahi. Hakufanya hivyo. Amemwacha dada wa watu na mambo yake. Mimi nimezika wengi, na nimeona picha zao, wote wametoa macho kama wameitwa polisi. Huyu ametulia. Mungu amweke mahali pema, na huko nako wamwache atulie."

Nutsa, aliyekuwa amejiandaa kucheka, aligundua kicheko kimechelewa njiani.

Neno likaenda kwa Ilarioni, naye akaomboleza ukuta wa rangi ya haradali kwa muda mrefu. Alisema marehemu hakufa, ila umbo lake ndilo limejivua ubinadamu. Mjomba alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwuliza Despine kwa kunong'ona kama kijana naye ini linamsumbua.

Ikawa zamu ya Fundi Garniki. Alisimama na uso wa mtu mwenye mzaha mwingine mfukoni, akaitazama picha ili apate pa kuanzia, na akakawia.

"Mke wangu alipofariki," akasema, "marehemu huyu alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi kunichekesha. Nilimchukia. Nataka kulia kwa raha zangu, yeye ananiletea kisa cha kasisi na nyuki. Nacheka. Namchukia zaidi. Halafu anatoka, na mimi nabaki dirishani na kiatu cha mtu. Akifika kwenye kona ya ngazi, anasimama. Mkono juu ya ukingo, hivyo hivyo kama ule, vidole vimelegea. Anatazama chini, yuko mbali. Kisha anavuta pumzi, anauvaa uso wake, anaenda kumchekesha mwingine. Miaka yote nilidhani nimemwona peke yangu." Akaielekezea picha glasi yake. "Sasa naona kuna mwingine alikuwa anachungulia."

Akanywa, akakaa, na hakumtazama Nutsa. Nutsa alisikia masikio yanamwaka moto. Kona ile ya ngazi! Alikuwa ameapa hakuna dirisha linaloelekea pale.

Despine akainuka kabla hajaitwa.

"Mimi na marehemu tumegawana ukuta wa mbao. Akigeuka kitandani, nasikia. Watu walisema kichwani mwake mna upepo mtupu..." Chini ya meza Nutsa akampiga teke. "Walisema! Sikusema mimi! Lakini mimi namjua toka mdogo. Mama yake alipougua, daktari alisema mgonjwa asihuzunishwe. Basi mtoto yule akajifanya kichekesho cha nyumba. Asubuhi, jioni, kuchekesha tu. Mama akafa, kicheko kikabaki, na hakuna aliyemwambia kazi imekwisha." Akakishika tena kile kifuniko cha sufuria. "Alikuwa mtu mzuri jamani! Mchuzi wake una chumvi mno, lakini alikuwa mtu mzuri!"

Akaketi analia machozi ya kweli, kifua kinapanda na kushuka.

"Dada Despine," akanong'ona Nutsa, "niko hai."

"Niache wewe, nalia."

Nutsa akaigeukia picha, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Kutoka pale alipokuwa, ng'ambo ya meza, mishumaa ikicheza, shavu lile halikuwa la kijani tena. Lilikuwa shavu lenye jioni juu yake. Akakumbuka dirisha la Erasti, ambalo kioo chake kimoja kilivunjika na mahali pake pakawekwa kioo cha kijani kilichookotwa kwenye duka la dawa lililobomolewa. Kumbe hakubuni kitu. Rangi ile ilikuwa imemtua usoni kila jioni na yeye hana habari. Na mkono mkubwa ulikuwa wa kulia, mkono wa sindano, mkono unaokuwa mzito hivyo hasa unapouweka chini baada ya kushona kutwa. Na shingo! Hakuwahi kuiona shingo ile, lakini aliijua kwa ndani, ule uzito wa kisogo mtu anapoacha kujishikilia. Mtu hajioni akiwaza. Ukienda kwenye kioo, unajitengeneza. Alikuwa ameishi na mwanamke yule maisha yake yote na hawajawahi kutambulishwa.

Mwanamke wa Kutaisi akatoka chumbani, moja kwa moja hadi kwa mtu wake wa reli, wala hakuaga.

Nutsa akashikwa na kizunguzungu cha furaha na hofu pamoja. Alitamani kuifunika ile picha na shali, na alitamani mtaa mzima uje uione. Alitamani kumpiga Erasti, na kumbusu, na kumpiga tena.

"Sasa wewe kijana," Mjomba akasema, "uliyekaa kama umenyeshewa. Sema neno kwa marehemu."

Erasti akasimama. Si msemaji; akiombwa chumvi mezani anatokwa jasho.

"Nilimjua," akasema.

"Sema tukusikie. Usimwonee haya."

"Alikuwa anakuja kwangu jioni. Kwanza anacheka. Sichori kitu, nachanganya rangi tu nacheka naye. Halafu visa vinamwishia, ananisahau. Hapo ndipo nachora, mbio mbio kama mwizi, maana akikumbuka nipo, anarudisha kicheko na yule mwingine anakimbia." Akajifuta paji la uso kwa mkono wenye rangi. "Sikumwonyesha. Niliogopa. Nani anapenda kuambiwa kwamba mlango wake ulikuwa wazi? Nikamwomba nimwoe. Akasema atanijibu akiiona picha."

"Kumbe mchoraji ni wewe! Nisamehe kuhusu ile meza. Aliiona?"

"Aliiona."

"Akasemaje?"

"Akasema shingo ni ya bata bukini."

Mjomba akaitazama picha, akapima. "Hakukosea," akasema. "Halafu?"

"Halafu akafa."

Garniki akarudi chini ya meza. Ilarioni alikuwa ametafuna ncha ya tai yake. Lakini Erasti hakucheka. Alikuwa amegeuka kuitazama kona, na alisema na picha, kwa sababu hakuthubutu kumtazama yule aliyeketi mezani.

"Angekuwa hai ningemwambia nawataka wote wawili. Yule anayecheka na huyu. Chumba ni kidogo, lakini tutabanana."

Akakaa. Mjomba alikuwa anapenga kamasi kwa kitambaa cha meza.

"Basi, mwanangu Nutsa," akasema, "wewe ndiye ndugu. Tumalizie."

Nutsa akainuka na glasi yake. Kicheko kilikuwa kimejaa hadi kooni, kiko tayari, na mzaha mzuri ulikuwa juu ya ulimi, mzaha ambao ungeiangusha meza nzima. Akaumeza.

"Mjomba, marehemu aliacha jibu. Aliniachia mimi."

"Ulikuwa nalo muda wote huu?" Mzee akapiga meza. "Litoe! Utamnyimaje mtoto wa watu jibu la marehemu?"

"Alisema ndiyo."

Glasi ikamponyoka Erasti. Mjomba Razhdeni akalia kwa sauti, akimwita Mungu ashuhudie: amesema ndiyo, maskini, na amechelewa! Hapo hakuna tena aliyeweza kujizuia. Garniki akalala kifudifudi juu ya mikate ya jibini. Despine alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, hajui kipi ni kipi, na Ilarioni akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemfikia, ambaye alikuwa kiriba. Wote walimgeukia Nutsa ili aongoze kicheko, kama siku zote.

Kicheko hakikuja. Nutsa alikuwa ameketi. Neno alilolitoa lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, na alikuwa ameingia ndani yake kuangalia kuna nini: chumba chini ya bati, mvua ikipiga, miaka, mtu mmoja anayetazama. Mkono wake wa kulia ukalala mezani, vidole vimelegea. Shingo ikainama kidogo. Macho yakatazama chini. Alijua wanamwona. Akaacha waone.

Vicheko vikakatika kimoja baada ya kingine. Mjomba Razhdeni, akiwa bado anafuta macho, akamtazama mpwa wake. Akaitazama picha. Akamtazama mpwa wake. Kofia ikamwanguka mkononi.

"Mama yangu mzazi," akanong'ona, akijipigia ishara ya msalaba mara kwa mara, "marehemu yuko mezani."

Hakuna aliyemsaidia. Erasti alikuwa amezunguka meza, akichechemea juu ya vipande vya glasi, akapiga magoti kando ya kiti cha Nutsa.

"Nutsa," akasema polepole. "Unawaza nini?"

"Ngoja kwanza," akasema Nutsa bila kuinua macho. "Sijamaliza."